Kichwa cha Seabelo

Kichwa cha Seabelo kilianza kuitikia mwaka ule wa ukame, ng'ombe walipohamishiwa mbali kufuata maji na watu wa kijiji cha Mosetlha wakabaki majumbani bila shamba la kulima. Kilikuwa kinaitikia kidogokidogo, mfululizo, kama kichwa cha mtu anayesikiliza habari tamu na kuikubali kila sentensi. Mkewe Galeboe ndiye aliyeona kwanza, asubuhi moja alipokuwa akimpa uji.

"Mbona unatikisa kichwa?"

"Nani anatikisa kichwa?"

"Wewe hapo."

Seabelo aliweka bakuli chini, akajishika mashavu kwa viganja viwili. Kichwa kikaendelea kuitikia ndani ya viganja vyake, na viganja vikaitikia pamoja nacho.

Kwenye pombe ya mtama wenzake walifurahi sana. Monametsi, mtu wa utani usiokwisha, alikuwa anakaa makusudi mbele yake. "Seabelo, kaka yangu, utaninunulia kata moja?" Kichwa kinaitikia. "Asante. Na yule fahali wako mwekundu ni wangu?" Kichwa kinaitikia. "Mungu akubariki. Na mkeo, Mama Tshenolo, nije nimchukue jioni?" Watu wanacheka mpaka wanamwaga pombe. Seabelo naye alicheka siku za mwanzo. Baadaye akaacha kwenda.

Alikuwa mtu mkubwa, mwenye mabega mapana na sauti ya kuita ng'ombe walioko upande wa pili wa bonde. Ujana wake wote aliumalizia katika kazi ya kuswaga ng'ombe wa matajiri kutoka Ghanzi hadi machinjioni Lobatse, wiki baada ya wiki kwa miguu na farasi, mchangani, kisima hadi kisima. Kazi hiyo aliifanya pamoja na kaka yake mkubwa, Kebalepile. Wakishawafikisha ng'ombe walikaa mjini siku chache, wakanywa, wakalala walikolala, kisha wakarudi na blanketi mpya na sukari. Galeboe aliolewa naye katikati ya miaka hiyo. Alitoka Kanye, binti mwembamba mwenye maneno machache, na mama mkwe wake, Bibi Mosidi, alimtazama siku ya kwanza akasema yule hana nyonga.

Mtoto wa kwanza alitoka amekufa, ngozi imebambuka kama ya kitu kilichomwagiwa maji ya moto. Wanawake walimzika uani, karibu na ukuta wa nyumba, kama wanavyozikwa watoto wa aina hiyo, wakakandika juu yake udongo na samadi. Wa pili naye hivyohivyo. Wa tatu alizaliwa hai. Galeboe alimsikia akilia. Lakini pua zake zilikuwa zimeziba, anakoroma kama mzee, na nyayo na viganja vimebabuka. Alishindwa kunyonya, akafa kabla mama yake hajamaliza siku za kukaa ndani. Huyo naye akakandikwa karibu na wenzake.

"Wanangu wote walizaa," Bibi Mosidi alisema siku hiyo, kwa sauti ambayo majirani waliisikia. "Huyu tumbo lake ni kaburi. Seabelo anapanda, ardhi inameza."

Seabelo hakumtetea mkewe wala hakumfukuza. Alikuwa anafunga tandiko la farasi, akaondoka na ng'ombe wengine kwenda Lobatse. Mganga aliitwa, akachukua mbuzi, akamchanja Galeboe tumboni. Chale zile bado anazo.

Halafu ikaja habari ya mkono. Galeboe alikuwa anaburuta matawi ya miiba kuziba zizi, mwiba ukamwingia kiganjani ukakatikia humo. Mkono ulivimba hadi begani. Walimpakia kwenye mkokoteni wakampeleka hospitali ya misheni, na huko alilala wiki nyingi akichomwa sindano asubuhi na jioni, mpaka makalio yakawa magumu kama ubao. Mkono ukapona, vidole viwili vikabaki havinyooki vizuri. Mwaka uliofuata akazaa Tshenolo, mtoto mwenye ngozi laini na sauti ya kuudhi, akaishi. Galeboe alimshukuru Mungu. Bibi Mosidi alimshukuru mganga. Hakuna aliyeushukuru mwiba.

Mtoto mwingine hakuja tena. Seabelo aliacha safari, akanunua ng'ombe wake mwenyewe, wakaongezeka. Tshenolo akasoma, akawa mwalimu katika kijiji cha mbali, akapata mchumba. Bibi Mosidi akapofuka macho, na kwa kuwa mke wa Kebalepile alikuwa mgonjwamgonjwa wa miguu, bibi akahamia kwa Galeboe. Basi Galeboe akawa anamlisha, anamwogesha, anamkalisha juani.

Baada ya kichwa, zikafuata pumzi. Seabelo alikuwa akitoka nyumbani hadi zizini anasimama njiani mara kwa mara, ameshika nguzo. Mishipa ya shingo ilikuwa inarukaruka hadharani, unaiona ukiwa umekaa ng'ambo ya moto. Kisha miguu ikavimba. Ukiibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Uso ukaumuka asubuhi, macho yakawa mistari miwili. Mkojo wake ulitoa povu kama maziwa ya kukamuliwa sasa hivi. Akawa hawezi kulala chali, anakaa ameegemea ukuta kwa mito na magunia.

Kebalepile alikuja kumtazama, akamwita Galeboe pembeni. "Shemeji, unampa nini huyu?"

"Nampa uji."

"Mtu hatikisiki kichwa kwa uji."

Siku mbili baadaye Galeboe alikodi gari la muuza duka akampeleka mumewe hospitali ileile ya misheni.

Daktari alikuwa Mzungu kijana, mwenye mikono ya baridi. Aliweka sikio lake la mpira kifuani pa Seabelo akasikiliza muda mrefu sana, akamshika kucha za vidole akazitazama zinavyobadilika rangi kwa kila pigo la moyo. Alichukua damu, akachukua mkojo akauchemsha, ukaganda kama ute wa yai. Jioni aliwaita, na nesi, dada mmoja aitwaye Segametsi, akakaa katikati ili atafsiri.

"Daktari anasema mshipa mkubwa unaotoka moyoni umetanuka," nesi alisema. "Na mlango wa moyo haufungi tena. Moyo unasukuma damu, nusu inarudi. Ndiyo inayomtikisa kichwa Rra, baba huyu, kila moyo unapopiga. Figo zake zimeharibika, ini limevimba kwa damu iliyokwama."

"Imetokana na nini?" Galeboe aliuliza.

Segametsi alimtazama Seabelo kwanza, kama anayeomba ruhusa, na kichwa cha Seabelo kikaitikia, maana hakina kazi nyingine. "Ni kaswende, Mma. Ya zamani. Daktari anauliza kama Rra aliwahi kuwa na kidonda sehemu za siri, ujanani. Kidonda kisichouma."

Chumba kilikuwa na joto. Seabelo aliangalia dirishani.

"Kilipona chenyewe," alisema mwishowe. "Nilikaa siku chache tu kikapona. Sote tulipata, wa safari zile. Tulikuwa tunachekana."

"Hakikupona," nesi alisema taratibu. "Kilihamia ndani."

Walimpima damu Galeboe pia. Segametsi alirudi na majibu peke yake, akamkuta amekaa kwenye benchi nje ya wodi. Alimwambia kuwa ugonjwa uliwahi kumwingia, lakini alama iliyobaki ni kama kovu tu, sasa hauko. "Uliwahi kuchomwa sindano nyingi, mama? Labda kwa ugonjwa mwingine?"

Galeboe alifungua kiganja chake, akamwonyesha lile kovu na vidole viwili visivyonyooka.

"Kabla ya hapo ulizaa?"

"Watatu."

"Wako wapi?"

"Uani," Galeboe alisema.

Nesi alikaa kando yake. Galeboe alikuwa anaangalia kuku wa hospitali wanaochakura, na kichwani mwake mambo yalikuwa yanajipanga yenyewe, moja nyuma ya jingine: kidonda, watoto, mwiba, sindano, Tshenolo. Hakulia. Alichohisi ni uzito tu, kama mtu aliyetwishwa debe la maji kabla hajasimama vizuri.

Seabelo alichomwa sindano za wiki kadhaa. Daktari alieleza waziwazi kwamba dawa inaua ugonjwa, lakini haishoni mlango wa moyo wala hairudishi figo. Walimpa vidonge vya kukojoa, wakamrudisha nyumbani.

Njiani, ndani ya gari, Seabelo alizungumza bila kumtazama. "Usiseme huko nyumbani."

"Niseme nini?"

"Jina la ugonjwa. Usiliseme kwa mama, wala kwa Tshenolo. Hata nikifa."

Galeboe alishika ule mfuko wa vidonge magotini.

Hasira ilimjia baadaye, nyumbani, wakati wa kazi. Anaposhika mguu wa Seabelo kuuinua juu ya gunia, vidole vinazama katika nyama yenye maji, inamjia. Anapomlisha Bibi Mosidi naye bibi analalamika uji una mchanga, inamjia. Siku moja alimwambia mumewe, "Ulikuwa unafunga tandiko."

"Lini?"

"Siku mama yako aliponiambia tumbo langu ni kaburi. Ulikuwa unafunga tandiko."

Seabelo alitafuta pumzi. "Sikujua."

"Najua hukujua. Lakini ulikuwa unasikia."

Akaendelea kumsugua miguu, maana ilikuwa ni lazima isuguliwe.

Mwezi uliofuata Kebalepile alikuja mchana pamoja na binamu zao wawili, wazee wa heshima. Walikaa kwenye vigoda mbele ya Seabelo. Galeboe alikuwa analeta maji ya kunywa, akasikia yote.

"Mdogo wangu," Kebalepile alisema, "mambo ya dunia tunayajua. Mtoto wa kiume huna. Tshenolo ataolewa, atakwenda kwa watu. Tumefikiria ng'ombe wawe chini ya mwanangu Oduetse, ndiye atakayeiangalia nyumba hii. Unakubali?"

Kichwa cha Seabelo kikaitikia.

"Mmeona, wazee."

Seabelo alifungua mdomo. Neno lilianza, kikohozi kikalikamata, kikohozi chenye mlio wa chuma alichokipata siku hizo, na kilipoisha alikuwa amechoka, macho yamemtoka.

"Usijichoshe," Kebalepile alisema kwa upole. "Tumekuelewa."

"Shemeji," Galeboe alisema, "hicho kichwa kinaitikia hata akilala."

"Mama Tshenolo, tunazungumza na mwenye mali."

Walikunywa maji, wakashukuru, wakaondoka. Walipofika mbali Seabelo alipata sauti. "Sikukubali," alisema. "Mali ni ya mwanangu."

"Basi nikaseme kwa chifu."

"Ukaseme nini? Watakuuliza kichwa kinatikiswa na nini."

Ilikuwa kweli. Galeboe alibaki amesimama na kata mkononi.

Seabelo alikufa asubuhi, ameegemea ukuta. Galeboe alikuwa amekaa mbali kidogo akipepeta mtama, kila baada ya punde anainua macho. Aliinua akaona kichwa kimetulia. Kwa muda mfupi alifurahi, akadhani vidonge vimemsaidia. Kisha akaweka ungo chini.

Baada ya mazishi, Oduetse alikwenda malishoni kuweka alama yake masikioni mwa ng'ombe. Mchunga ng'ombe wa Seabelo alikataa, akaleta habari, na Galeboe akapeleka shauri barazani kwa chifu.

Watu walijaa siku hiyo, wanaume kwenye viti vyao, wanawake chini upande mmoja. Kebalepile alieleza vizuri, bila kelele. Wale binamu wawili walisimama mmoja baada ya mwingine wakasema waliona kwa macho yao. Hawakudanganya. Waliona kweli.

Chifu alimwita Galeboe. Alisimama, shuka la msiba begani, na Tshenolo amekaa nyuma yake.

"Kgosi, mume wangu aliitikia kila kitu," alisema. "Aliitikia mbwa wakibweka. Monametsi yuko wapi? Simama, Rra. Wewe ulimwomba mume wangu unichukue jioni, kilabuni, watu wakiwapo. Aliitikia au hakuitikia?"

Monametsi alisimama nusu. "Aliitikia, Mma."

"Mbona hukuja?"

Baraza lilicheka, wanawake zaidi. Hata chifu alifuta mdomo. Lakini Kebalepile hakucheka. Alingoja watulie, akasema, "Kgosi, aulizwe kichwa kile kilianza kutikisika kwa nini. Ndugu yangu alikuwa mzima. Alikuwa anakula kwa mikono ya nani? Mwanamke huyu alizika watoto watatu, sasa kazika mume. Sisemi zaidi."

Kicheko kilikufa palepale. Galeboe alihisi macho ya watu yakimgeukia, yaleyale ya miaka ile. Alimsikia Tshenolo nyuma akivuta pumzi.

"Sema, Mma," chifu alisema. "Alikuwa na nini?"

Alimkumbuka Seabelo ndani ya gari, anaangalia barabara.

"Kaswende," alisema. "Aliipata Lobatse akiwa kijana, kabla hajanioa au baada, sijui. Ilikaa kwenye damu ikala moyo na figo. Ndiyo iliyotikisa kichwa. Ndiyo iliyoua wanangu tumboni. Na mimi ilinipata, nikapona kwa sindano za mkono huu, ndipo nikamzaa huyu. Nesi Segametsi yuko hospitali, aulizwe. Nilikatazwa kusema. Nimesema."

Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja alitema mate chini kando ya kiti chake. Kebalepile alikuwa anatazama fimbo yake.

Chifu alishauriana na wazee wake muda mrefu. Uamuzi wake ulikuwa kwamba kichwa kisicho na hiari si shahidi. Ng'ombe ni wa nyumba ya Seabelo na binti yake, isipokuwa wale ambao kwa desturi ni haki ya kaka wa marehemu. Kebalepile alichagua wazuri, fahali mwekundu akiwa mmoja wao. Galeboe hakubishana.

Kushinda huko hakukumpa usingizi. Wajomba wa mchumba wa Tshenolo, waliokuwa wamepanga kuja kumaliza mazungumzo ya posa baada ya msiba, hawakuja. Walituma mtu kusema wana ng'ombe wagonjwa. Tshenolo alielewa. Alikuwa amepimwa damu na Segametsi, hana chochote, lakini cheti cha hospitali huwezi kukibandika kwenye paji la uso.

"Ungeacha ng'ombe," alimwambia mama yake siku ya kuondoka, anafunga begi. "Ningeishi bila ng'ombe. Nina mshahara wangu."

"Walikuwa wanasema nimemuua."

"Wewe walikuwa wanakusema hata zamani. Ulizoea." Aliposikia alichokisema alikaa kitandani. "Samahani, mama."

"Ni kweli nilizoea," Galeboe alisema.

Tshenolo aliondoka. Alituma salamu kupitia watu, lakini sikukuu ilipofika hakuja.

Bibi Mosidi alikuwa ameambiwa na majirani, maana vipofu huambiwa kila kitu. Kwa siku kadhaa hakusema lolote, akawa anapokea uji kimya. Galeboe alidhani labda bibi anatafuta namna ya kuanza, na bila kupenda akawa anamngojea. Akimwogesha alimwogesha polepole, ampe nafasi. Mwisho bibi alisema, uso umeelekea juani.

"Mwanangu hakuwa na ugonjwa wa malaya. Wewe ndiye uliyeuleta kutoka Kanye. Nilijua tangu siku ya kwanza."

Galeboe alikuwa ameshika kitambaa chenye maji. Aliona shingo ile nyembamba ya kizee, mifupa inahesabika. Alikamua kitambaa, akamalizia mgongo, akamvalisha, akamkalisha juani. Kisha akaingia ndani, akakaa sakafuni kule ukutani karibu na uani, upande wa wanawe, mpaka bibi alipoanza kuita kwamba ana njaa.

Miezi ikapita. Mvua ilinyesha kidogo, ya kuotesha majani tu. Watu walimsalimia Galeboe barabarani kwa heshima, lakini kwenye pombe na harusi wanawake waliacha nafasi kidogo kati ya mikeka yao na mkeka wake. Kilabuni, walisema, jina la ule ugonjwa limekuwa "kuitikia". Fulani naye anaitikia. Wanacheka.

Ndipo siku moja asubuhi, akiwa anakandika ukuta ulioliwa na mvua, alisikia mtu akijikohoza nje ya uzio. Alikuwa Mama Oduetse, mke wa Kebalepile, ameegemea fimbo kwa sababu ya miguu yake. Hawakuwa wamesemezana tangu baraza.

"Ingia," Galeboe alisema.

"Siingii. Baba Oduetse akisikia niko hapa itakuwa vita." Alitazama nyuma, akatazama mbele. "Mama Tshenolo, nikuulize kitu. Baada ya Oduetse nilipoteza wawili. Wa kwanza wewe ulikuwa umelazwa kwa mkono, wa pili nilificha, labda hukujua. Nilisema wa kwanza nilianguka. Sikuanguka."

Galeboe alifuta udongo mikononi.

"Na safari zile walikuwa pamoja," Mama Oduetse alisema. "Usiku ananiambia mifupa yake inamchoma, na juzi akiwa anakula nimeona shingo yake inaruka. Nimemwambia twende hospitali, amenitukana." Alihamishia fimbo mkono wa pili. "Hizo sindano zinauma?"

"Zinauma sana. Unakaa kwa tako moja siku nzima."

Mama Oduetse aliitikia kwa kichwa, kisha akagundua alichofanya, akakizuia. Wote wawili waliona. Galeboe nusura acheke, na mwenzake naye, lakini hakuna aliyecheka.

"Gari la muuza duka linakwenda Alhamisi," Galeboe alisema. "Njoo alfajiri. Useme unakwenda kununua unga."

"Nani atamlisha bibi?"

"Atasubiri."

Mama Oduetse aliondoka kwa fimbo yake, akipita nyuma ya vichaka ili asionekane. Galeboe alichota udongo mwingine, akaendelea na ukuta.